Mwanasesere Ageukaye

Jicho na mkono havikubaliani daima. Jicho huridhika kwa kuona, na likisharidhika hupita. Mkono hauridhiki mpaka ushike, ugeuze, ukaze na kulegeza. Sinema hutengenezwa kwa ajili ya jicho, na kitu cha kuchezea kwa ajili ya mkono. Shida ya wanasesere wageukao, yaani wale ambao kwa kukunjwa na kukunjuliwa huwa gari mara hii na roboti mara ile, ilianza siku jicho lilipopewa mamlaka ya kuuamuru mkono.

Haikuwa hivyo awali. Kampuni ya Takara ya Japani ilitoa wanasesere wa Diaclone mwaka 1980, na wa Micro Change mwaka 1983. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliwachukua, ikawapa majina, ikawatungia na ugomvi, ikawaita Transformers. Katuni ya televisheni ikafuata mwaka huo huo. Wachoraji wa katuni walimtazama mwanasesere aliyekwisha kutengenezwa, wakamrahisisha tu. Ndiyo sababu Optimus Prime wa kwanza aeleweka hata kwa mtoto mdogo: kichwa cha lori ndicho kiwiliwili, vioo vya dereva ndivyo vioo vya kifuani, na sehemu ya nyuma yenye magurudumu ndiyo miguu. Viganja vyake, ni kweli, huchomekwa mbalimbali na hupotea upesi. Hiyo ni kasoro ya fundi aliyekosa mahali pa kuvificha, na kasoro ya namna hiyo yasameheka.

Sinema ya katuni ya mwaka 1986 iliupindua utaratibu. Wahusika wapya walichorwa kwanza kwa ajili ya hadithi, kisha mafundi wakatakiwa wafuate. Galvatron alionekana wa zambarau katika sinema, akauzwa wa kijivu madukani; Arcee hakupata mwanasesere kabisa mwaka ule. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja mwaka 2007 kwa sinema ya Michael Bay, ambayo Optimus Prime wake aliundwa kwa kompyuta kwa vipande 10,108. Kila kipande kiliweza kuteleza, kunyumbuka, au kutoweka nyuma ya kingine, kwa maana ndani ya kompyuta vitu viwili vyaweza kukaa mahali pamoja wala visigombane. Plastiki haina ruhusa hiyo. Fundi aliyepewa picha ile na kuambiwa aitie mkononi mwa mtoto alikuwa na njia mbili, zote chungu. Ama achonge kifuani sura ya uongo ya mbele ya lori, na mbele ya kweli aikunje mgongoni, roboti atembee na maganda ya gari kama kobe. Ama aongeze bawaba juu ya bawaba, kila moja nyembamba kuliko mwenzake, mpaka mchezo uwe mtihani.

Haifai kusema kwamba hasara ilikuwa tupu. Shida ilizaa ustadi: Optimus Prime mkubwa wa mwaka 2009 asifiwa mpaka leo na wapenzi wa vitu hivi kwa jinsi anavyojikunja. Lakini ustadi huo una bei, na wenye kuulipia ni wachache. Mwaka 2014 sinema ya nne ilifika ukingoni, kwani baadhi ya roboti zake zilisambaratika hewani kuwa vijiwe vidogo, kisha zikajikusanya upya. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kucheza jambo hilo. Mwaka huo huo zilijaa madukani roboti za kugeuzwa kwa hatua moja, kana kwamba mtengenezaji amechoka kushindana. Ndipo mwaka 2018, katika *Bumblebee* ya Travis Knight, maumbo yakarudi karibu na yale ya 1984, na mafundi wakapumua.

Sasa tuutazame mji wa Same, ambao hakuna aliyeufikiria wakati maumbo hayo yalipochorwa. Mji huu umekaa chini ya milima ya Upare, katika uwanda mkavu, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yaupitia. Watoto wake hukua wakihesabu malori. Aghalabu huyaiga kwa waya, vibati vya makopo na magurudumu ya kandambili zilizokatika. Lori la waya halidanganyi: likipinda, mtoto huona lilipopinda, naye hulinyosha mwenyewe.

Wala ufundi si mgeni katika milima ile. Katika Ugweno, upande wa kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, nao ulitawala kabla ya Wasuya. Isaria Kimambo ameyaeleza hayo katika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969. Chuma cha Upare kilikwenda mpaka Uchagani. Mhunzi wa jembe huanza na chuma chenyewe, apate kujua kitakubali nini, ndipo afikiri umbo.

Mzee mmoja mchomeleaji wa mageti mjini Same aliletewa na binti yake roboti ya lori iliyovunjika bega. Binti huyo ni mchuuzi wa tangawizi ya Mamba, naye aliinunua roboti sokoni kwa faida ya siku nzima. Ilikuwa nakala ya nakala: mtu asiyejulikana aliiga mwanasesere aliyeiga sinema, akaacha bawaba za ndani na kubakiza mikunjo ya nje. Mtoto alisimama nyuma ya mama yake, macho chini.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nani kaivunja?”

Mtoto hakujibu. Mama alijibu kwa niaba yake: “Huyo huyo, baba. Haikumaliza siku mbili. Nimekwisha mwambia hanunuliwi kitu tena.”

Mzee alichukua bisibisi, akaifungua roboti juu ya meza ya kazi, akampa binti yake kipande cha bega akishike. Alimwonyesha kipini chembamba kilichobeba mkono mzima, na juu ya mkono mlango wa lori, na juu ya mlango kipande cha boneti kisicho na kazi ila kuipa roboti mabega mapana kama ya sinema. Ukuta wa tundu la kipini ulikuwa mwembamba kama ukucha. Akauliza mtoto aliigeuza mara ngapi. Mara tatu, alijibiwa. Na karatasi ya kopo ilionyesha kwa picha kwamba huo ndio mchezo wake.

“Basi hakuivunja,” alisema mzee. “Ameitumia tu.”

Mama alikigeuza kile kipande mkononi kwa muda mrefu. Hakumwomba mtoto radhi kwa maneno, kwani si desturi ya wengi, lakini alimvuta karibu na meza, mahali ambapo angeweza kuona.

Lilibaki swali la matengenezo. Mzee alieleza kwamba aweza kutoboa tundu upya na kutia kipini cha msumari, mkono ukazunguka, lakini uzito wa mlango utaupasua tena kabla ya mwezi kwisha. Ama aweza kukata boneti ya uongo na mlango pamoja, roboti ikawa imara, ila ikikunjwa haitafanana na lori. Ama akaze vyote kwa waya, liwe lori siku zote. Alimwachia mwenye mali achague.

Mtoto aliuliza kama lori la kukazwa laweza kufungwa kamba na kuvutwa mpaka stendi. Aliambiwa laweza, tena likiwa na mzigo wa mchanga. Akasema mabega yakatwe, lisifanane na lori, lakini ligeuke.