Mkato Niliouficha

Nilikosea, na kosa langu lilichapishwa.

Sarafu yenyewe ni ya Athens, ya karne ya 5 KK: fedha ya drakma nne, uzito wake gramu 17 hivi. Upande mmoja kuna kichwa cha Athena, upande wa pili bundi, kitawi cha mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Mgongoni mwa bundi umepita mkato wa patasi. Nilipopewa kazi ya kuandika maelezo ya kabati la makumbusho, niliandika kwamba sarafu hiyo imeharibiwa. Kisha nikashauri bundi alazwe chini, asionekane.

Sikumwuliza mtu. Nilizoea kuzitazama sarafu kama mapambo, na kwa kuwa vitabu huchapa picha za zile safi, niliamini kwamba kila alama ambayo haikutoka kwenye muhuri wa mfua fedha ni hasara.

Baadaye nikasoma jinsi fedha ya Athens ilivyosafiri hadi Misri na Shamu, ambako wafanyabiashara wengi waliipokea kwa mizani. Walihofia sarafu yenye fedha juu na shaba ndani, hivyo waliikata ili waone ndani, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 406 KK hivi, vita vilipoikausha hazina yake, Athens yenyewe ilitoa sarafu za shaba zilizovikwa fedha. Sheria ya Nikophon ya mwaka 375/374 KK ilimweka mkaguzi wa sarafu sokoni Athens, na iliyokutwa na shaba au risasi ndani aliikata.

Niliomba sarafu itolewe kabatini, nikaiweka chini ya lenzi. Ndani ya mkato hapakuwa na shaba. Ni fedha juu, fedha katikati, fedha hadi chini. Aliyekata alikuwa ameuliza swali, na sarafu ilikuwa imemjibu. Mimi nililificha jibu hilo.

Katalogi ya maonyesho ilikwishachapwa ikiwa na maelezo yangu. Maonyesho yakafungwa bila mgeni yeyote kumwona bundi, na wote waliosoma maelezo yangu waliondoka na uongo. Kibao cha kabati kilirekebishwa baadaye, lakini katalogi zilizouzwa hazikurudi.

Ukikabidhiwa kitu cha kale chenye jeraha, usikimbilie kukionea huruma. Uliza kwanza aliyekijeruhi alitaka kujua nini.