Ua Lenye Majina Mawili

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha jambo kwa zaidi ya miaka miwili, na leo nashika kalamu nilitoboe mbele yenu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu.

Nilipojiunga na kidato cha kwanza mwaka wa 2023, tulipewa fomu ya kujaza habari za wazazi. Penye kazi ya baba niliandika "injinia wa barabara". Baba yangu hajawahi kuwa injinia. Alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja kubwa pande za Tigoni, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka 19. Huko waliomjua walimwita "shamba boi", ingawa kichwa chake kimejaa mvi.

Mwaka huo huo nyumba ile iliuzwa na baba akaachishwa kazi. Alirudi nyumbani na jembe, mkasi wa kukatia maua na karatasi ndogo iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi zinazong'aa, kama zile za mchicha ila ni kubwa kidogo.

"Hizi ni za maua ya kolambaini," akasema.

"Yaliwa?" Mama akauliza.

"Hata usijaribu. Mbegu zake na mizizi zina sumu."

Mama akacheka kwa uchungu. "Kumbe miaka 19 yote malipo yake ni sumu!"

Kwa miezi kadhaa baba alishinda chini ya mparachichi, hasemi na mtu. Mapema mwaka wa 2024 nilimwona akitia zile mbegu katika chupa yenye mchanga mbichi, akaenda kumwomba mwenye duka la maziwa amwekee ndani ya friji kwa wiki sita. Nilidhani amerukwa na akili. Akanieleza kwamba kolambaini asili yake ni nchi zenye baridi kali. Mbegu yake hulala mpaka ihisi baridi imepita, ndipo iamke.

Mvua ya masika ilipoanza aliniita tupande. Nilichimba mashimo kama ya maharagwe, naye akayafukia yote. "Mbegu hii haizikwi," akasema. "Inyunyize juu ya udongo laini, uibonyeze kidogo tu kwa kiganja. Yataka mwanga."

Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Ya tano vikachomoza vijani vidogo. Mwaka mzima ukapita, tukapata majani tu, yamegawanyika vipande vitatu vitatu kama dania. Mama alitaka kuyang'oa apande spinachi, baba akakataa katakata. "Mwaka wa kwanza hujenga mizizi. Ya maua ni mwaka wa pili."

Wakati huo alikuwa ameanza kuuza miche ya waridi na maua mengine kando ya barabara, ndani ya mikebe mikuukuu. Siku moja wenzangu walimwona kutoka kwenye matatu, na kuna aliyemjua. Darasani wakaangua kicheko: "Injinia wa barabara kweli! Tumemwona barabarani na mikebe yake!"

Nikajibu, "Simjui mzee huyo." Ndiyo, nilisema hivyo. Usiku huo chakula hakikupita kooni.

Baridi ya Julai mwaka wa 2025 ilitutesa sana hapa Limuru, lakini ilipokwisha kolambaini ilitoa vichwa. Ama kweli, subira yavuta heri! Ua lilikuwa la buluu na nyeupe ndani, limeinama kama mtu mwenye haya. Lina petali tano, na kila moja ina mkia mrefu kwa nyuma wenye asali kwenye ncha yake. Chozi walianza kulizuru kila asubuhi.

Mwalimu wetu wa Kilimo aliyaona maua hayo barabarani, akamwalika muuzaji aje kutufundisha. Mnaokumbuka siku hiyo, mwamkumbuka mzee aliyeingia na gambuti zilizosuguliwa zikang'aa. Alinitazama mara moja, kisha hakunitazama tena. Nilielewa. Habari zangu zilikuwa zimemfikia, naye alikuwa akinisitiri.

Alifundisha kwa dakika 40 bila kitabu. Mmoja wenu akamwuliza, "Mzee, ulisomea wapi haya yote?" Akajibu, "Nilisomea kwa magoti."

Kisha akaligeuza ua juu chini. "Tazameni, njiwa watano wamekutanisha vichwa kama wanaokunywa maji. Ndiyo maana likaitwa kolambaini, kutoka neno la Kilatini la njiwa." Akaligeuza tena, akatuonyesha ile mikia iliyopinda. "Na wengine waliona kucha za tai. Jina lake la kisayansi ni Aquilegia, na wengi husema latokana na neno la tai. Ua ni lile lile. Jina lategemea anayelitazama."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasimama huku miguu ikitetemeka, nikasema, "Mwalimu, huyu ni baba yangu."

Darasa lilinyamaza kimya. Nilidhani baba atalia au atanikumbatia. Akasema tu, "Haya, keti, bado sijamaliza." Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kesho yake nilikwenda ofisini nikaomba fomu yangu irekebishwe. Sasa imeandikwa: mkulima wa maua.

Wenzangu, yupo kati yenu ambaye mama yake huuza mitumba, au baba yake husukuma mkokoteni. Usingoje zaidi ya miaka miwili kama mimi. Na anayetaka mbegu za kolambaini aje aniulize. Ila nakuonya mapema: nyuki huchanganya aina zake, basi ua utakalopata huenda lisifanane na la baba yangu. Na usisahau kunawa mikono.