Kazi Ipi Iachwe Kwanza?

Ninapofundisha darasa la saba habari za mitambo inayopaswa kujibu papo hapo, huanza na Julai 20, 1969. Apollo 11 ilikuwa ikishuka Mwezini. Kompyuta iliyokiongoza chombo, yenye nafasi 2,048 tu za kumbukumbu ya kufutika, ikatoa onyo namba 1202: kazi zimezidi. Rada isiyohitajika wakati ule ilikuwa ikimega muda wake. Hapo huwauliza wanafunzi: ifanyeje? Wengi hujibu, "Iongeze mbio." Ndugu mwalimu, usiwasahihishe upesi, ngoja mmoja aseme, "Iache kazi nyingine." Ndivyo alivyokuwa ameipanga Hal Laning wa MIT: kila kazi na cheo chake. Ilijianzisha upya mara kadhaa, ikatupa kazi duni, ikashika uongozaji na injini, na watu wawili wakatua salama. Katika mitambo hii jibu sahihi lililochelewa ni kosa, jambo ambalo watoto wanaopika uji huku wakilea wadogo zao hulielewa mara moja. Kisha huwagawia kadi za pampu ya maji: kupima kina cha tangi, kuzima mota, kuwasha taa, kuandika hesabu. Ipi iachwe kwanza? Ubishi huo hula kipindi kizima, nami siukatizi.