Safari ya Mombasa na Swali la Binti Yetu

Alhamdulillahi, likizo iliyopita tuliwapeleka watoto Mombasa kutoka Kilelengwani, tukazuru Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, na ambayo leo ni makumbusho. Humo tulikuta vitu vilivyofukuliwa Ungwana, mji wa kale ulio karibu na Kipini, jirani zetu. Binti yetu akauliza: “Baba, mbona hukutupeleka huko kwanza?”

Tukanyamaza. Ni mara ngapi tumekwenda Kipini kwa shughuli zetu, na magofu yale hatukuyageukia! Nayo Qur'ani yatuamrisha tutembee katika ardhi, tuzingatie mwisho wa waliotutangulia.

Basi, enyi wazazi, Mombasa izuruni. Lakini msiyaruke magofu ya mlangoni penu. Nasi, inshallah, tutawapeleka wanetu Ungwana.