TARO ILIYOVUNJIKA NDANI YA MOTERE



Katika karatasi hii tunasoma mara nyingi juu ya mwenendo mwema na juu ya egzame. Leo nataka kuandika juu ya chuma. Sisi watu wa Kolwezi tunaishi na chuma: kamioni, pikipiki, pompo ya maji, mashini ya kusaga. Kila motere inashikwa na bulo, na kila bulo inashikwa na meno ya tundu lake tu. Meno yakiharibika, motere nzima inakuwa mzigo.

Wakati wa likizo nilikuwa ninasaidia kazi katika garaji moja ya muji wetu. Mama mmoja mjane alileta motere ya dizeli ya mashini yake ya kusaga mahindi. Ile mashini njo shamba lake. Feza ya masomo ya watoto wake inatoka mule. Tundu moja la bulo ya kulasi lilikuwa limekwisha meno, na motere haikuwa na nguvu tena. Kijana anayejifunza kazi pale alipewa taro ili akate meno mapya.

Taro inafanana na bulo yenye makali, na ubavuni ina mifereji mitatu ao mine ya kupitisha vumbi ya chuma. Mtu anaizungusha mbele kidogo, kisha anairudisha nyuma ili vumbi ivunjike. Inataka uvumilivu. Lakini siku ile mama alikuwa anangoja mlangoni, na kila mtu alisema upesi, upesi. Tukasikia «tak!» na mkono wa kijana ukabaki mwepesi. Taro ilikatikia ndani ya tundu, karibu sentimetre moja chini ya uso wa bloki.

Mtu mmoja aliyekuwa anapita akaita: «Muletee nyundo!» Patro akamujibu: «Hapana, mukubwa. Ile kintu ni nguvu kupita nyundo yako. Utapasua bloki, na taro itabaki.»

Mama akauliza: «Baba, motere yangu imekufa?»

«Bado, mama. Iko mugonjwa tu.»

Kijana hakusema neno. Alijua desturi ya garaji nyingi: mwenye kuharibu bloki analipa, ao anaondoka.

Juu ya nini taro iliyovunjika ni taabu kubwa hivi? Kwa sababu ni chuma kilichofanywa kigumu sana kusudi kikate chuma kingine. Ugumu ule unakifanya kivunjike kama sahani. Ukitia meshi ya kawaida ya kutobolea, haiwezi kuingia. Inateleza pembeni na kula bloki, maana bloki ni fonti, nayo ni laini kupita taro. Hivi unapoteza tundu na taro unaiacha pale pale.

Patro alitufundisha dawa zake kwa utaratibu. Ya kwanza ni kupuliza vumbi yote kwa hewa, huku umefunga macho vizuri, na kutia mafuta. Kisha unaingiza vipande vya waya mgumu ndani ya mifereji ya taro, unaizungusha nyuma na mbele, kidogo kidogo. Tulijaribu asubuhi nzima. Haikutikisika.

Ya pili ni kusude ekru juu ya kipande kile na kukigeuza kwa ufunguo. Hii inafaa kama kipande kinatokeza juu. Chetu kilikuwa chini.

Ya tatu ni meshi ya karbire ya tungsteni. Hii ni ngumu kupita taro, lakini ukitumia mashini ya mkono yenye kutikisika, nayo itavunjika, na utakuwa na taabu mbili. Patro aliazima moja kwa rafiki yake. Tulifunga bloki imara juu ya meza ya perseze, tukapima katikati ya taro, tukashusha meshi polepole. Kazi ilichukua siku nzima. Moyo wa taro uliliwa, meno yake yakabaki vipande vipande, tukavitoa kwa sindano na sumaku. Meno ya tundu yalikuwa mazima karibu yote.

Yabaki kupitisha taro mpya. Patro akaichukua, akaitia mkononi mwa yule kijana. «Wewe mwenyewe. Polepole.» Alimaliza bila haraka, na jasho likimtoka. Siku ya tatu mama alisaga.

Kuna dawa ya nne, tusiyokuwa nayo: mashini ya cheche za umeme. Njia hii ilivumbuliwa mwaka wa 1943 katika Urusi ya Kisovieti na mtu na bibi yake, Boris na Natalya Lazarenko. Elektrodi inakaribia taro ndani ya mafuta bila kuigusa, na cheche zinakula chuma nukta kwa nukta, hata kikiwa kigumu namna gani. Elektrodi ile mara nyingi ni ya shaba, metali laini. Na karbire ya tungsteni, iliyoanza kutumiwa Ujerumani miaka ya 1920, ni chembe ngumu zilizogandishwa pamoja na kobalti.

Shaba na kobalti! Wandugu, hizi si vitu vya mbali. Kiwanda cha Luilu kilianza kuzitoa hapa karibu mwaka wa 1960. Vita ilipofika Kolwezi mwezi wa 5 mwaka wa 1978, bei ya kobalti ilipanda sana katika dunia nzima. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Lakini nyingi inaondoka kama unga bado kusafishwa kabisa, na meshi ile tuliyoazima ilikuwa na jina la inchi ya ngambo. Kwa hiyo kitu kilichookoa motere ya mama pengine kilitoka katika udongo wetu, kikarudi kwa bei ambayo fundi wa hapa anaomba kuazima.

Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu inaanza na watu wanaochimba shaba gizani, kisha inauliza hekima inapatikana fasi gani. Mimi naona swali lile ni letu. Mawe tunayo. Tujifunze kemia na mekaniki ili siku moja meshi ile ifanywe hapa. Na sisi makapita wa madarasa, mdogo wetu akikwama, tusiite nyundo kwanza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho