Safari ya Ruiru na Thika, Nchi ya Kahawa

Huko Ufaransa kuna desturi ambayo yafaa sisi tukaao Nairobi tuitafakari. Mtu apatapo likizo hutoka mjini, akaenda Burgundy au Bordeaux kuzuru mashamba ya mizabibu. Huonja mvinyo mahali pale pale unapotengenezwa, akala chakula cha wenyeji, kisha akatazama makanisa na ngome za kale. Sisi nasi tunayo nchi ya namna hiyo karibu kabisa, yaani Ruiru na Thika, ila kinywaji chake ni kahawa. Walakini wengi wetu huipita ndani ya matatu pasipo hata kugeuza shingo.

Tena kahawa yetu ina udugu na Ufaransa. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mibuni katika Kenya, na misheni yao ya St. Austin's, karibu na Nairobi, ilianzishwa mwaka 1899. Mbegu zao zilienea katika mashamba ya walowezi, na hata leo wataalamu wa kahawa huiita aina ile French Mission. Mwafrika wa sehemu hizi alizuiwa kwa miaka mingi asipande zao hilo mwenyewe; mlango ulifunguliwa hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mpaka hapo alikuwa mchumaji tu.

Nalikwenda Ruiru mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno makuu. Ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Mti huo ni mfupi, nao hustahimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa ambao uligunduliwa katika Kenya mwaka 1922 na umewafilisi wakulima wengi. Wako waonjaji wasemao kwamba kahawa ya miti ya zamani, SL 28, ina ladha bora zaidi. Labda ni kweli, lakini mwonjaji hanunui dawa ya kunyunyizia.

Katika shamba moja naliona wachumaji wakimimina matunda mekundu katika madebe. Matunda yale humenywa kwa mashine, punje zikavundikwa mpaka utelezi wake uachane nazo, zikaoshwa kwa maji mengi, ndipo zikaanikwa juani juu ya meza ndefu za waya. Mama mmoja mzee alikuwa akigeuza punje kwa viganja. Nalimwuliza kahawa ile ina ladha gani. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi hunywa chai. Hii huenda kwa Wazungu."

Ng'ambo ya ua wa shamba lile mibuni ilikwisha kung'olewa, na mahali pake pamesimamishwa mbao za kutangaza viwanja vya nyumba. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, bei ya ardhi imepanda sana. Simlaumu auzaye: kiwanja hulipa mara moja, na mche wa kahawa hukungojesha miaka mitatu hivi kabla ya kukupa kitu. Lakini katika msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa tani zaidi ya 120,000 za kahawa, na sasa haifikishi hata nusu yake.

Mbele ya Ruiru ni Juja, palipokuwa na shamba kubwa la McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Theodore Roosevelt alikaribishwa hapo mwaka 1909, alipokuja kuwinda. Kisha ni Thika, ambako reli ilifika mwaka 1913. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, imesimama kati ya mito ya Chania na Thika, na mgeni aweza kuketi chini ya miti akatazama maporomoko. Mjini iko bustani ya Mugumo. Inasimuliwa kuwa mwaguzi Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba siku mti ule utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Nao ulipigwa na radi mwaka 1963.

Kwa chakula sina malalamiko. Nalikula mukimo wa viazi, mahindi na majani ya maboga, pamoja na nyama ya mbuzi ya kuchoma, na njahi zilizopikwa zikalainika barabara. Kama mvinyo ni fahari ya Mfaransa, wazee wa huku wana muratina yao, itengenezwayo kwa asali na tunda lililokaushwa la mti wa jina hilo. Aghalabu hutolewa penye mazungumzo ya mahari. Lakini nilipoagiza kahawa katika mkahawa mmoja, mtumishi aliniletea maji ya moto na kopo la unga wa kahawa kutoka nchi za nje. Ilhali mibuni yenyewe haikuwa mbali na meza yangu!

Mwenye siku ya pili na ashike barabara ya Garissa mpaka Kilimambogo. Wakikuyu huuita mlima huo Kianjahi, na tangu kale ni mmoja wa milima yao mitakatifu. McMillan, aliyekufa mwaka 1925, amezikwa ubavuni mwake. Karibu na hapo Mto Athi huanguka katika Maporomoko Kumi na Manne; ni mahali pazuri mno kwa macho, lakini maji yake yamechafuliwa na taka za Nairobi, basi mtu achukue ya kunywa kutoka Thika. Apandapo mlimani huona mashamba ya mananasi yamenyooka kama mistari ya daftari, na upande wa Ruiru mabati mapya yakimetameta jua lipigapo.