Chennai, 2019: Filamu ya Mtu Mmoja

Mwaka 2019 jiji la Chennai, India, liliishiwa maji. Mabwawa ya Poondi, Cholavaram, Red Hills na Chembarambakkam yalikauka hadi ardhi ikapasuka, na hosteli yetu ya wanafunzi ikawa inategemea maji ya malori. Alfajiri akina mama wa mtaani walipanga mitungi ya plastiki, ya kijani na ya waridi, wakasubiri zamu. Septemba mvua za jioni zilipoanza kutupoza, mwenzangu wa chumbani, mwenyeji wa Madurai aliyeniita thambi, yaani mdogo wake, alinijia na habari: kuna filamu ya mauaji yenye mwigizaji mmoja tu.

Sinema kwa Watamil wa Chennai si jambo dogo. Januari 10 mwaka huohuo, Petta ya Rajinikanth na Viswasam ya Ajith zilitoka siku moja. Ngoma zikalia, fataki zikapasuka, mashabiki wakayamwagia maziwa mabango ya mashujaa wao. Oththa Seruppu Size 7, iliyotoka Septemba 20, tuliikuta haina shamrashamra hizo. Viti vingi vilikuwa vitupu.

Jina hilo maana yake ni kandambili moja, saizi 7. R. Parthiepan aliiandika, akaiongoza, akaigharimia na kuiigiza. Yeye ndiye Masilamani, mlinzi maskini anayetuhumiwa kuua, anayehojiwa kituoni huku mwanawe mgonjwa akimngoja. Maofisa wanamhoji, wanamkaripia, wanabishana wao kwa wao, na hatumwoni hata mmoja. Hata mambo ya nyuma anayoyasimulia tunayasikia tu. Kamera haimbanduki Masilamani.

Kitamil changu kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi, kwa hiyo mwanzoni niliyakodolea macho maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Baadaye nikayaacha. Nilimtazama yule mtu akijifuta jasho, akicheka pasipo pa kuchekea, akigeuka ghafla kumwitikia aliye nje ya picha. Mimi nimekulia Tanga, katika nyumba iliyokaa kimya kila mchezo wa redio wa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ulipoanza. Kukitambua kikohozi cha mhusika kabla hajataja jina lake ni kazi niliyofunzwa utotoni. Kwa namna ile ile niliwajua polisi wa Masilamani mmoja mmoja: huyu mkali, huyu amechoka, huyu ameanza kumwonea huruma. Sauti ilichanganywa na Resul Pookutty, aliyepata Oscar kwa Slumdog Millionaire, na ilikuwa safi kiasi cha kukufanya ujue nani amesimama kushoto na nani yuko mlangoni.

Tulipotoka, tulitembea hadi kibanda cha kahawa tukabishana. Mwenzangu alisisitiza kwamba Masilamani ni mwongo hodari. Mimi nilimtetea kwa nguvu, na katikati ya kumtetea nikagundua kwamba sina ushahidi wowote. Nilikuwa upande wake kwa sababu uso wake ndio pekee niliouona. Waliomtuhumu hawakuwa na macho ya kutazamwa wala mikono inayotetemeka, basi nikawahukumu kuwa wakatili. Hapo ndipo ustadi wa Parthiepan ulipo. Kuwaficha wengine hakukuwa mbwembwe. Ndiko kulikotega fumbo lenyewe na kumfanya mtazamaji awe hakimu asiyejijua kuwa ana upendeleo. Tangu siku hiyo, nikisikia kesi ya mtu yeyote, hujiuliza ni nani ambaye sijaonyeshwa uso wake.

Mwaka 2021, tuzo za taifa za filamu za India ziliipa filamu hiyo tuzo maalumu ya majaji, na Pookutty akatuzwa kwa kazi yake ya sauti. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, nikafurahi kana kwamba niliyeshinda ni mimi.

Ninawaandikia hasa vijana wetu wa filamu, wale wenye hadithi nzuri walioiweka kabatini wakingoja mfadhili. Kosa letu kubwa ni kuidharau sauti: tunanunua kamera ya gharama, kisha mazungumzo yanamezwa na upepo. Tafuteni chumba kimoja, mwigizaji mmoja anayejua kazi yake na fundi wa sauti mwenye masikio, na muwe na sababu ya kisa kusimuliwa hivyo. Anzeni na hayo.